Njaa ya Sagar

Sista Georgiana alimwambia Nyima Jatta asimnyonyeshe mtoto mpaka aruhusiwe, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake kumlinda. Jua lilikuwa limeshaingia wodini. Sagar, mtoto wa miezi mitano, mnene wa kutamanisha, alikuwa analia njaa tangu walipoisimamisha dripu yake, na maziwa ya Nyima yalikuwa yanachuruzika yenyewe hadi blauzi imelowa. Mtoto aliyanusa. Aligeuza kichwa huku na huku, akakamata kitambaa cha blauzi kwa ufizi, akakifyonza.

"Sista, ana njaa."

"Ndicho tunachokitaka."

"Mnataka mtoto afe njaa?"

"Nani kasema afe? Awe na njaa tu. Dada, daktari alikueleza jana, na mimi nikakutafsiria neno kwa neno. Tuanze tena?"

"Nilisikia."

"Basi jikaze."

Kweli alisikia. Daktari Nkiru, Mnigeria ambaye hakuwa amemaliza hata msimu mmoja wa mvua hapa Gambia, alikuwa ameeleza taratibu, sista akigeuza kwa Kimandinka. Chakula kikiliwa hugeuka sukari ndani ya damu. Kongosho likiiona ile sukari hutoa insulini, na kazi ya insulini ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, nyingine iwe nguvu, nyingine iwe mafuta. Mtu akikaa bila kula, sukari hupungua, na hapo insulini inatakiwa inyamaze, ili kile kilichobaki kiende kichwani, maana ubongo hauna akiba.

"Huyu sukari yake inashuka mpaka anapata degedege," daktari alisema. "Nataka kujua kama insulini yake inanyamaza au hainyamazi. Akiwa ameshiba siwezi kujua, kila aliyeshiba insulini yake iko juu. Lazima nimpime akiwa na njaa, sukari ikiwa chini kabisa. Damu ya wakati huo ndiyo itakayosema."

Nyima aliyachukua maneno yale akayapika kwa namna yake. Ndani ya mtoto kuna mlaji asiyejua kuacha. Hilo halikumpa taabu kulielewa, maana yeye mwenyewe, kijijini kwao nje ya Brikama, hawakumwita Nyima tena. Walimwita Mla-Makombo.

Jina hilo alipewa na wanawake wa kanyaleng. Kwetu mwanamke akizika watoto haachwi akashika tama peke yake. Wenzake waliofiwa kama yeye humchukua, humvua jina lake na kumpa la kuchekesha, humvika matambara na shanga na kibuyu kichwani, na tangu siku hiyo kazi yake ni vituko: kuomba chakula harusini, kula kwa pupa, kukata kiuno mbele ya wakubwa, kusema ya aibu bila kuona aibu. Kulia haruhusiwi. Kifo kinachoandama watoto wa mtu kinamtafuta mama mwenye uchungu, na kikimkuta kichaa mwenye kibuyu kichwani hudhani kimepotea njia, kikaenda zake. Nyima alikuwa amezika wawili. Wa tatu alipozaliwa, hakuruhusiwa hata kumshika. Mtoto alilazwa jalalani nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya karanga, akaokotwa na Na Terema, ‘Na’ kwa Kimandinka ni mama, mkubwa wa kanyaleng, akaitwa Sagar, neno la Kiwolof, maana yake tambara. Nani atakuja kuiba tambara? Toka hapo mtoto ni wa Na Terema, na Nyima ni mlafi tu aliyeshikwa kwa ajili ya maziwa yake. Anayetaka kucheka na acheke. Wapo watu wazima wenye ndevu leo hii ambao walianzia jalalani.

Siku ile degedege ilipokataa kuachia, Na Terema ndiye aliyesema waende hospitali kubwa ya pwani, na ndiye aliyeamuru vibuyu vibaki nyumbani. "Mjini watatufukuza kabla hawajamgusa mtoto," alisema. Basi walifika wawili tu, wamevaa kama watu. Walipoulizwa mtoto ni wa nani, Na Terema akajibu, "Wangu." Sista aliziangalia mvi zake akacheka. "Mjukuu wako, unataka kusema." "Haya, mjukuu." "Mama yake yuko wapi?" "Hayupo." Sista akatoa pole, na Na Terema akaipokea ile pole bila kupepesa jicho. Daktari akauliza kama katika familia kuna watoto waliofariki wakiwa wachanga. "Kwangu mimi? Nimezaa saba, wote wazima, na wajukuu wote wazima, Mungu ashukuriwe." Na ilikuwa kweli tupu. Nyima, aliyetajwa kuwa mnyonyeshaji tu, alikuwa amesimama palepale, mtoto ziwani, akaangalia sakafu. Angesema nini? Siku atakayotamka neno *wangu*, kifo kitageuka kuangalia nani ameita.

Sasa Na Terema alikuwa anazunguka kitanda, khanga begani, akijaribu kuchekesha.

"Sista Georgiana, nawe ungepiga kelele hivi ukinyimwa mume wiki nzima."

"Mama, usinichekeshe, niko kazini."

"Aa, kumbe unacheka! Nilidhani nyie watu wa Banjul mnazaliwa na uso huo huo."

Sista alicheka kweli, akafuta jicho, akachoma kisigino cha mtoto na kuweka tone la damu kwenye mashine ya kupimia. Tatu nukta nne. Bado haijashuka vya kutosha. Sagar akaongeza kilio, akapiga ngumi hewani, akawa mwekundu wa uso chini ya weusi wake. Nyima alimpakata mbali na kifua, mikono imenyooka, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Kila mtoto alipovuta pumzi ya kulia, maziwa yalimruka.

Halafu kilio kikaanza kupungua. Kikawa mguno, mguno ukawa pumzi. Jasho jembamba likatoka juu ya mdomo wa mtoto, macho yakaanza kumtazama mtu ambaye hakuwepo.

"Ananyamaza," Nyima akasema. "Sista, ananyamaza. Nimpe."

"Bado kidogo."

"Nakuomba kwa jina la mama yako. Angalia macho."

"Nayaangalia, dada. Dripu iko tayari, dawa iko tayari. Hatumwachi." Akachoma kisigino tena. Mbili nukta moja. "Daktari!"

Daktari Nkiru alikuja nusu anakimbia. Mishipa ya mtoto mnene imejificha ndani ya mafuta, na sindano ya kwanza haikupata kitu, ya pili ikatoa tone likakauka. Mkono wa Sagar ukaanza kuruka wenyewe, ruka, ruka, kama mkia wa samaki aliyetolewa majini. Nyima akaanguka magotini. Hakulia. Alijing'ata mkono wake mpaka ukaacha alama, na Na Terema akamwekea kiganja kichwani, akakibana, akamnong'oneza, "Cheka, Mla-Makombo. Cheka, mshenzi wewe, kinatuangalia." Na Nyima akacheka. Sista alisimulia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya wodi hajawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

Sindano ya tatu ikapata. Kichupa cha damu kikatiwa kwenye barafu, kikakimbizwa maabara, sukari ikasukumwa mshipani, na kabla hawajamaliza kubandika plasta Sagar alifumbua macho akatafuta ziwa. Akapewa. Alinyonya akilalamika, kama mtu anayekula huku anagomba.

Majibu hayakutoka siku ile. Yalipotoka, daktari aliingia wodini uso umefungwa, akawaita wote wawili pembeni, sista akiwa katikati wa kutafsiri.

"Insulini ilikuwa juu," akasema. "Sukari imekaribia kwisha damuni, na insulini bado imekaa palepale inaendelea kufanya kazi. Kwa mtu aliyefunga haitakiwi kuwa hivyo. Sasa, jibu hili lina njia mbili. Wako watoto wanaozaliwa na kongosho lisilojua kunyamaza. Ni wachache sana, na mara nyingi ukiuliza unakuta ndugu zao walikufa vivyo hivyo. Nyie mmeniambia kwenu hakuna. Njia ya pili ni kwamba kuna mtu amempa dawa. Viko vidonge vya watu wenye kisukari ambavyo kazi yake ni kulichapa kongosho litoe insulini. Mtu mzima mgonjwa vinamfaa. Mtoto vinamuua. Nyumbani kwenu nani ana kisukari?"

Na Terema ni mtu asiyeficha maradhi. Alifungua fundo la khanga akatoa karatasi ya vidonge, vingine vimeshatumika.

"Mimi hapa. Mwaka wa nne huu. Dawa zangu ni hizi, nanywa kama nilivyoambiwa, si kama wale wanaozisahau."

Daktari akazichukua, akazisoma, akazitia mfukoni mwa koti. Uso wake ukabadilika, na Nyima akauona ukibadilika.

"Mtoto analala na nani?"

"Na mimi," Na Terema akasema. "Mara na huyu."

"Mnampa dawa za miti?"

"Majani ya kuogea. Na kidogo ya kunywa, kufukuza degedege."

"Mnasaga wapi?"

"Kwenye kinu changu. Binti yangu, unaniuliza nini hasa? Unasema mimi nimempa mtoto sumu?"

Sista aliitafsiri sentensi ya mwisho kwa sauti ndogo. Daktari hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe. Alikuwa na jibu la damu mkononi na maneno waliyompa wenyewe, akaviunganisha kama mtu yeyote mwenye akili angeviunganisha. Alisema hajui kama ni kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Alisema toka sasa mtoto atalishwa na manesi kwa kikombe, wao wawili wasimguse wala wasimkaribie. Dripu itaendelea mpaka jioni, dawa ikishaisha mwilini itafungwa, na mtoto atalala kama watoto wengine. Watu wa ustawi wa jamii watakuja asubuhi kuamua atakwenda kuishi na nani.

"Na kama degedege ikirudi?" Nyima akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa daktari tangu wafike.

"Kama ni vidonge, haitarudi."

Walitolewa nje. Kulikuwa na kibaraza kinachoangalia dirisha la wodi, na hapo wakakaa chini ukutani, karibu na wauza karanga. Na Terema, mwanamke ambaye aliwahi kumwondoa mkuu wa wilaya kitini kwake kwa utani tu, hakuwatania hata wauza karanga.

"Na," Nyima akasema, "nitakwenda kuwaambia."

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba nimemzaa mimi. Kwamba walikuwepo wengine."

"Nyamaza."

"Daktari amesema ukiuliza unakuta ndugu zake walikufa hivyo hivyo. Umesikia kwa masikio yako. Anatafuta hao, Na. Anawatafuta wanangu."

"Nimesema nyamaza!" Na Terema akageuka, na hakukuwa na utani usoni mwake hata chembe. "Wa kwanza ulimwita wangu, wangu, wangu, kutwa nzima, ukimtembeza kwa majirani. Kikaja. Wa pili ukamficha chumbani lakini kila usiku unamwimbia wangu. Kikaja. Huyu kakaa miezi mitano kwa sababu si wako. Unataka kumaliza kazi?"

"Watakuchukua wewe polisi."

"Wanichukue. Mimi nimeshakula chumvi yangu. Waniite mchawi, waniite muuaji, nimeitwa mabaya zaidi na nikaomba ubwabwa juu yake. Mtoto akienda kwa watu wa serikali atakuwa hai, na hatakuwa na mama, ndiyo vizuri. Kitamtafuta wapi?"

Kilichomtia Nyima wazimu ni kwamba Na Terema hakuwa anajitetea. Alikuwa yuko tayari kuoza jela kwa ajili ya mtoto yule, na kwa mapenzi hayohayo angemuua. Maana Nyima alijua jambo ambalo hata Na Terema hakulijua, wala mume wake Bakary aliyeko Basse kwenye kazi za barabara hakulijua, na alikuwa amelikalia miaka yote kama mtu anayekalia msumari.

Alasiri ikasogea. Kupitia dirishani alimwona sista akimlisha Sagar kwa kikombe, mtoto akitema na kugomba. Baadaye akamwona amelala. Halafu sista akainama juu ya mkono wa mtoto, akafungua plasta, na ule mpira wa dripu ukainuliwa ukaviringishwa.

Nyima hakukumbuka alivyosimama. Alipita katikati ya wauza karanga, akamsukuma mlinzi aliyesema dada, dada, akaingia wodini na kusimama mbele ya daktari huku anahema.

"Rudisheni dripu."

"Nani kamruhusu huyu?" daktari akauliza.

"Mwambie arudishe. Mtoto akilala bila dripu hataamka. Mwambie, sista. Mtoto ni wangu."

Sista hakutafsiri. "Dada, tulia. Kila mtu akiona mtoto anachukuliwa husema wake."

"Nimemzaa mimi! Nyumbani kwa mama yangu, siku ya soko, mchana kweupe. Ni wangu. Na kabla yake nilimzaa Kebba, na baada ya Kebba nilimzaa Nyara, na wote wawili ni wangu, na wote wamekufa."

Neno lilikuwa limeshatoka. Alisimama akisubiri, kwa kweli alisubiri, akiwa amemkodolea macho mtoto kuona kama kifua kitaacha kupanda. Kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

"Anasema nini?" daktari akauliza, na safari hii sista akatafsiri, polepole. Daktari akamgeukia Nyima.

"Juzi uliposikia naulizia watoto waliokufa, ulinyamaza. Leo umeniambia wapo wawili, baada ya mimi mwenyewe kukueleza ninachokitafuta. Kwa nini nikuamini?"

Lilikuwa swali la haki. Nyima alifungua mdomo, na hapo mlangoni akasikia pumzi ya mtu aliyepanda ngazi kwa haraka. Na Terema alikuwa amesimama ameshika fremu ya mlango.

"Na," Nyima akasema. "Waambie."

Kikongwe akatikisa kichwa kukataa.

"Na, nakuomba. Mrudishe kwangu. Wewe tu ndiye unayeweza."

"Ukizika huyu," Na Terema akasema, "usije kwangu kutafuta kibuyu."

"Sitakuja."

Na Terema aliingia, akaenda hadi kitandani, akamtazama Sagar aliyekuwa amelala mdomo wazi. Hakumgusa. Akamgeukia sista akasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, "Mimi sina mtoto hapa. Nilimwokota jalalani na ninamrudisha. Ni wa huyu, Nyima Jatta, tumbo lake mwenyewe, la tatu. Wale wawili niliwaosha mimi kwa mikono hii." Kisha akajitanda khanga mpaka usoni kama mtu anayekwenda matangani, akatoka nje, akakaa kibarazani na kuanza kuomboleza chini chini. Kwake yeye mtoto alikuwa ameshakufa.

Sista Georgiana alikuwa ameshika kifua. "Kanyaleng," alimwambia daktari, kisha akamweleza kwa Kiingereza, maneno mengi ya haraka, na daktari akavuta kiti akakaa. Kabla hajauliza lolote alirudisha dripu kwa mkono wake mwenyewe.

"Niambie walivyokufa," akasema.

"Kebba alizaliwa mkubwa. Watu walikuja kumwangalia. Mnene, mikono ina pete za nyama. Alikuwa ananyonya kila mara, usiku kucha, sipati hata lepe la usingizi. Nikachoka." Nyima alikuwa anaongea huku anautazama mpira wa dripu, matone yakishuka. "Watu wakaniambia atazoea, siku moja atalala. Na siku moja akalala. Hakuniamsha hata mara moja. Nikaamka kumekucha, matiti yamejaa mawe, na kabla sijageuka kumtazama nikasema ahsante Mungu, mtoto amejifunza kulala. Nikasema ahsante. Halafu nikageuka."

Sista aliacha kutafsiri katikati, daktari akamgusa mkono, akaendelea.

"Nyara naye mnene. Akapata degedege mara kadhaa alfajiri, wakatupa majani, tukamwogesha. Halafu naye akalala. Mimi niliona amelala. Safari hii nilikuwa macho, nimekaa, nikamwona mtoto ametulia, nikasema nisimwamshe maskini, amepata taabu. Nikamfunika vizuri. Hilo sijamwambia mtu."

Daktari Nkiru aliangalia chini. Alisema kwamba watoto wenye insulini nyingi huzaliwa wakubwa hivyo, kwa sababu insulini inageuza kila kitu kuwa mafuta. Alisema pia kwamba alikosea, na sista akalitafsiri hilo mara mbili, ingawa hakuombwa.

Kulikuwa na dawa ya kulituliza kongosho la namna hiyo. Haikuwepo pale. Ilipigiwa simu huku na huku, ikapatikana Dakar kwa daktari mmoja rafiki wa Nkiru, ikaletwa na abiria wa basi ndani ya pakiti ya majani ya chai. Mpaka ifike Nyima hakulala kitandani wala chini. Alikaa. Kila mtoto alipofumba macho alimfinya kidogo kwenye mguu, na Sagar alikuwa analia, na sista alikuwa anamgombeza, "Dripu ipo, dada, dripu inamlisha, mwache mtoto wa watu alale." Kifo kilikuwa kimeshasikia jina. Kila mlango ulipofunguliwa Nyima aliruka.

Na Terema hakuondoka kibarazani. Hakuingia pia.

Dawa ilipokuwa imetumika siku za kutosha, daktari akasema sasa wapime tena. Hivyohivyo, mtoto afunge, wafunge na dripu, waone.

"Tena?" Nyima akasema.

"Tena. Bila hivyo sijui kama dawa imeshika. Na hii si kila mtoto inamfaa. Isipomfaa, kuna upasuaji, na hapa haufanyiki."

Akakaa kwenye kiti kilekile, maziwa yakachuruzika vilevile. Sagar akalia njaa, akapiga ngumi hewani, akafyonza blauzi. Kisigino kikachomwa. Nne nukta tisa. Akalia tena, kilio kikubwa cha mtu mwenye nguvu zake. Kikachomwa tena. Nne nukta mbili. Halafu kile kilio kikaanza kupungua, kikawa mguno, mguno ukawa pumzi, na Nyima akamwinamia mtoto.

"Anakwenda," akasema. "Sista. Anakwenda."

Sista alichoma kisigino. Mtoto akavuta mguu, akakunja uso, akaendelea kufumba macho. Alisubiri mashine, akaisoma, akamwonyesha daktari.

"Nne nukta moja," daktari akasema. "Mwambie mtoto haendi kokote. Amechoka kulia tu. Amelala."

Akaambiwa. Akaangalia uso wa mtoto. Hakuna jasho juu ya mdomo, mikono imetulia. Daktari akaeleza kwamba tone la damu lina sukari ya kutosha, kwamba insulini imenyamaza inapotakiwa kunyamaza, kwamba Sagar sasa anaweza kulala kama watoto wengine, na yeye mama yake pia alale. Vidonge kila siku, asikose, mpaka watakapoona.

"Daktari," Nyima akasema. "Kebba na Nyara. Wangepewa hii dawa?"

Sista alitafsiri, lakini Nyima hakusubiri jibu.

"Na kabla ya dawa," Nyima akaendelea, "kama ningewaamsha tu. Kama ningemwamsha Nyara nikampa ziwa, usiku ule. Sukari ingepanda?"

Sista Georgiana hakuigeuza hiyo. Alisimama na mashine mkononi, akamwangalia Nyima, na daktari asiyejua Kimandinka akawaangalia wote wawili, akaelewa bila kutafsiriwa, akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo.

Basi Nyima akalia. Alilia kama wanavyolia watu msibani, kwa sauti, kwa majina, Kebba wangu, Nyara wangu, mkono ukipiga paja, kilio cha miaka yote aliyokatazwa, wagonjwa wakanyanyuka vitandani kuangalia. Na Terema alikisikia kibarazani akajua limekwisha. Aliingia mbio ameshika kichwa, akafika, akamwona Sagar amelala na kifua kinapanda, akasimama asijue alie au anyamaze.

"Mwache alale, dada," sista akasema, naye machozi yanamtoka. "Usimwamshe. Hana neno."

Nyima alimwamsha. Alimtikisa mpaka akafumbua macho, akafungua blauzi, akampa ziwa. Sagar alilishika, akanyonya mara mbili tatu kwa uvivu, akaliachia, akageuza kichwa na kulala tena, maziwa yakimtiririka shavuni. Hakuwa na njaa.